UZI: Wenye familia mnaoandika riwaya na mashairi, muda mnautoa wapi? (Ushauri wa "amka saa kumi" kaeni nao)

KauntaBuku (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema? Nina jambo naomba tuliongee kwa uwazi, na kila mtu ajibu kwa hali ya nyumbani kwake yeye, sio kwa hali ya nyumba za kwenye vitabu vya kuhamasishana.

Mimi ni mama, naishi Kimara, nina mume, watoto wawili wa shule, mama mkwe ambaye yupo na hayupo (akichoka kijijini anakuja, akituchoka anarudi), nina vyerehani viwili kibarazani vinaniingizia hela ya mboga, na nina riwaya. Hiyo riwaya ndio inakaa nyuma ya foleni kila siku. Nikiingia kwenye magrupu ya waandishi kuuliza jamani mnapataje muda najibiwa kitu kilekile, amka saa kumi alfajiri nyumba imelala, andika masaa mawili, mchana wote unakua wako. Anayejibu hivyo ukimchunguza ni mwanaume, au ni binti bado anakaa kwao, au ana watoto ila hawapandi skuli basi.

Kwa msiojua Dar, skuli basi huku kwetu inapita saa kumi na moja na kitu, bado giza. Ili mtoto awe getini muda huo ameoga, amekunywa chai, sare imepigwa pasi na daftari limesainiwa, mimi saa kumi niko jikoni tayari. Hiyo alfajiri ya kuandika ni ipi sasa, saa nane usiku? Na kulala nilale lini?

Kuna Mwingereza wa zamani anaitwa Anthony Trollope, huyu naona ndio babu wa huu ushauri. Alikua mfanyakazi wa posta, yale masanduku ya barua ya kusimama barabarani yeye ndio alihimiza yawekwe miaka ya 1850, na akiwa na ajira yake hiyohiyo akaandika riwaya nyingi kweli, kwa jumla zinafika 47. Utaratibu ameusimulia mwenyewe: saa kumi na moja na nusu yupo mezani, saa ameiweka mbele yake, maneno 250 kila robo saa mpaka muda wa kwenda kuvaa apate kifungua kinywa. Watu wanaipenda sana hiyo stori. Kipande wanachokiruka ni kwamba alikua na mtumishi mzee wa kumwamsha na kumletea kahawa, anamlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi hiyo, na Trollope mwenyewe anakiri huenda anadaiwa na yule mzee kuliko na mtu mwingine yeyote kwa mafanikio aliyopata. Sasa mimi kahawa ananiletea nani?

Ndio mana nasema nyumbani hakuna muda unaoelea hewani unakusubiri uamke uuokote. Kila saa ya nyumbani ina mwenyewe. Ukiona mtu ameandika masaa mawili mfululizo ujue kuna mtu ameshika mtoto, kuna mtu ameinjika maharage, kuna mtu kaenda kufungua geti. Kwa hiyo suala la utaamka saa ngapi mimi halinishughulishi, nataka kujua nani anakushikia nyumba na mmekubaliana nae vipi. Hapo ndio naomba michango.

Lindo_la_Usiku

Nawahi siti ya mbele. Nikifika lindoni natema yangu.

Mkweli Mtupu

Visingizio tu hivi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima gereza la Kamiti mwaka 1978 kwenye karatasi za chooni, hana meza hana taipureta, kila siku askari wanamchungulia. Nyie mna smatifoni na bando mnalialia muda. Anayetaka kuandika ataandika, asiyetaka atafungua uzi.

KauntaBuku

Mkuu heshima yako, na mzee Mungu ampumzishe. Ila Kamiti hakuna mtu aliyeingia kumuuliza chumvi imewekwa wapi. Hata ule ugali mbovu alipikiwa na mtu mwingine. Walimnyima vyote wakasahau kumnyima muda, mimi nimepewa vyote ukatolewa muda tu. Sijasema natamani jela, nasema tusilinganishe vitu visivyofanana.

Mkweli Mtupu

😂😂 Hapo kwenye chumvi umenipata. Endelea.

Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo nyote. Mimi niko huku pwani ya Kenya, ni mwalimu wa msingi na ni mama. Mbona twaenda Uingereza mbali huko jamani. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, ni mjane, ni mgonjwa, na mle ndani mwenyewe aeleza maradhi yamemshika hata mwaka umetimia, ndipo amwita bintiye aje aketi karibu na wino na karatasi. Hebu angalieni hapo. Yeye hakutoroka nyumba ili atunge, alichukua kazi ya nyumbani yenyewe, ile ya kumfunda mwana, akaigeuza utendi. Na kalamu alimpa binti. Basi hata hapo KauntaBuku maneno yako yasimama, palikuwa na mkono wa pili.

Sasa niseme yangu. Mimi siandiki riwaya, natunga, na nawaambia ukweli ushairi wabebeka kichwani, riwaya haibebeki. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima. Huo ni mzigo mdogo, nausukuma nikiosha vyombo, nikisimama foleni ya maji, mizani nahesabia kwa vidole na hakuna ajuaye nafanya nini. Kikikosekana kina nakizunguka siku nzima hata kije. Jioni ninaandika ubeti mmoja uliokwisha kuiva, dakika tano zatosha. Wale mnaolalamika kwamba hamna masaa mawili, labda mwajilazimisha fani isiyokubaliana na nyumba zenu. Hili nalisema kwa upole lakini nalisema.

Kinachonimaliza mimi si kupika, ni zile kazi za shule za watoto wangu. Kata hiki, bandika kile, leta boksi, leta mbegu, na mtoto akumbuka saa tatu usiku. Nikimaliza za wangu kuna madaftari ya wana wa wenzangu ya kusahihisha.

KauntaBuku

Mwalimu umenena. Hilo la fani sijawahi kulifikiria na linaniuma kidogo maana mi shairi hata la harusi siwezi, ila ndio ukweli. Kuna watu wameacha riwaya wakahamia hadithi fupi kwasababu ya watoto na hawakupungukiwa kitu. Alice Munro wa Canada alikua anasema alianza na hadithi fupi kwa kukosa muda, watoto wadogo, na amekufa na Nobel yake ya 2013.

Lindo_la_Usiku

Haya nimefika lindoni, nimeshasaini kitabu, sasa nitiririke.

Mimi ni mlinzi, kampuni siitaji, nalinda godauni moja maeneo ya Pugu road. Usiku ni mrefu na ni wangu, naandika kwenye simu, naweka riwaya humu humu jukwaani kila Jumanne na Ijumaa, wengine mnanijua mkiniona mnaanza "mkuu leta mzigo tumepata arosto". Kwahiyo mtu akisikia anasema huyu hana tatizo la muda, analipwa akiandika. Sikieni sasa. Tatizo langu liko mchana. Narudi Mbagala saa mbili asubuhi, nyumba yetu vyumba viwili, watoto watatu, wife anakaanga vitumbua nje na kuna dirisha moja tu. Mimi natakiwa nilale. Kulala kwangu ndio kuandika kwangu, nisipolala mchana usiku nikifika lindoni macho mazito naandika utumbo, mhusika aliyekufa sehemu ya sita anafufuka sehemu ya tisa na wasomaji wa humu hawana huruma, wanakurushia picha ya ulipomzika.

Sasa nani ananipa usingizi? Wife. Yeye ndio anakaa na watoto nje kimya kimya mpaka saa nane. Zamani alikua anaona haya mambo upuuzi, na ana haki, mtu unarudi na macho mekundu unasema ulikua unaandika, utaeleweka vipi. Kilichobadilisha ni hela ndogo sana. Kuna watu walitaka wasome mbele ya wenzao, nikafungua grupu la WhatsApp la kulipia, buku kwa riwaya nzima. Ile hela sikuigusa, namba ya kupokelea niliweka ya kwake yeye, ya unga na mafuta ya vitumbua. Baada ya hapo nikilala mtoto akipiga kelele nasikia nje "nyamaza baba yako yupo kazini". KAZINI. Nimelala nimevaa pensi 😂

Na yeye sa hivi ndio anasoma wa kwanza kabla sijapandisha, akisema huyu mwanamke hawezi kuongea hivi mbele ya mkwe wake najua kweli hawezi, nabadilisha.

Binti wa Nyegezi

Habarini. Huwa nasoma tu sichangii lakini leo imebidi.

Nyie wote mnaongelea mtu wa kushika nyumba. Mimi ndio huyo mtu. Ni dada wa kazi hapa Mwanza, bosi wangu hafanyi riwaya ila anasoma masters jioni, mimi ndio nabaki na watoto mpaka arudi, ni mama mzuri simsemi vibaya. Na mimi naandika. Naandika kwenye kaunta buku kwasababu simu yangu kioo kimepasuka robo nzima haioneshi, naandika nikishaosha vyombo nikishaloweka maharage ya kesho, nikiwa chumba cha store ambako nalala. Nina kaunta buku mbili zimejaa, ya tatu naiendea.

Sasa dada KauntaBuku umeuliza kila mtu anashikiwa nyumba na nani. Mimi nauliza, mimi ananishikia nani?

Mwalimu wa Kilifi

Subhanallah.

Lindo_la_Usiku

Uzi umepata moto. KauntaBuku jibu.

KauntaBuku

Nimekaa na hili swali tangu jana na siwezi kulijibu kwa maneno matamu, mdogo wangu. Hakuna anayekushikia, na ndio mana kaunta buku zako mbili mimi naziona nzito kuliko riwaya yangu.

Ila kuna kitu kimoja cha kushika mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya masaa 24 kila wiki, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi, sio mtoto wa mjomba. Najua kati ya sheria na jikoni la mtu pana umbali. Lakini kama bosi wako ni msomi na umesema ni mtu mzuri, usimwombe "muda wa kupumzika" kwa sababu huo utageuzwa utapumzika ukikunja nguo. Mwambie siku, mwambie na unachoenda kufanya. Mtu anayehangaika na tasnifu yake usiku anaelewa vizuri sana mtu akimwambia Jumapili nataka kukaa na daftari langu. Asipoelewa rudi hapa utuambie.

Na kingine, piga picha hizo kurasa. Azima simu ya mtu, piga, jitumie kwenye barua pepe. Store zinavuja na panya hawajui fasihi.

Mpenda Chapa

Nimesoma toka juu mpaka hapa nikamkumbuka Buchi Emecheta. Mnaijua habari yake? Mnigeria, kazaliwa Lagos 1944, akamfuata mumewe London 1962, kwenye miaka ya ishirini na ushee tayari ana watoto watano. Mswada wake wa kwanza kabisa mume aliusoma na akauchoma moto. Akaondoka na watoto wote, akawa anafanya kazi, anasoma shahada ya sosholojia na anaandika asubuhi kabla hawajaamka. Ule uliochomwa akauandika upya, ukatoka 1976. Kitabu chake kimoja cha 1974 amekitunuku kwa hao watoto na kusema bila makelele yao matamu nyuma yake kisingeandikwa.

Kwahiyo ushauri wa alfajiri sio wa wanaume tu jamani. Na Shaaban Robert naye tunasahau alikua karani wa serikali ya mkoloni, alianza forodhani 1926, mashairi na insha nyingi kaziandika akiwa ameajiriwa.

KauntaBuku

Emecheta namkubali na hilo la kuamka na watoto watano sibishani nalo, ameweza. Ila angalia alichokifanya kabla ya hiyo alfajiri. Aliondoa kwenye nyumba mtu aliyekua anachoma karatasi. Kwanza alipanga watu, saa ikafuata. Sisemi wenye ndoa mkatoke mbio jamani msije mkanitaja mahakamani 😂

Shaaban Robert ukimtaja naomba mtu mmoja aniambie nani alikua anapika akiwa anatunga. Vitabu havituambii.

Msomaji Njaa

Dada naomba utoke kwenye nadharia. Mimi ni mama wa mtoto mchanga na mkubwa wa miaka minne, sina dada, mume anasafiri. Kesho asubuhi nafanyaje? Unaandika vipi WEWE?

KauntaBuku

Sawa, ngoja niseme ninavyofanya, refu kidogo mvumilie.

Kwanza niligundua kuandika sio kazi moja. Kuna kuwaza, kuna majibizano ya wahusika, kuna kufungua sura mpya, kuna kusahihisha, na kila moja inataka muda wa aina yake. Ukizichanganya ukasema "nataka muda wa kuandika" unakosa zote, kwasababu unasubiri masaa mawili ya kufanya kitu ambacho kingefanyika kwenye dakika kumi za kusubiri maji yachemke.

Mimi ni fundi. Nikiwa nashona mistari mirefu, mapazia, mashuka, sare, mguu na mikono vinajiendea kichwa kiko huru. Hapo ndio wahusika wangu wanagombana. Majibizano yote ya riwaya yangu yametoka kwenye mapazia. Nikipata sentensi nasimamisha mashine najirekodia voisi, WhatsApp ina sehemu ya kujitumia mwenyewe, wateja washazoea kunikuta naongea peke yangu "basi ondoka, na hilo kanga langu uliache". Ila nikiwa nakata kitambaa, hapana. Kukata ni kukata, nikiwaza riwaya hapo mteja anapata gauni la mkono mmoja.

Usiku watoto wakilala nasikiliza zile voisi naziandika. Hii haihitaji akili, hata umechoka inawezekana, ni kama kuchambua mchele, unaendelea huku TV inaongea. Nachukua simu yangu ya kawaida tu, naandika kwenye Google Docs nikiwa nimeruhusu ifanye kazi bila bando, nikipata bando inajipandisha yenyewe. Kitu kimoja muhimu, zima ile ya kusahihisha maneno, isipokua hivyo simu inageuza Kiswahili chako chote kuwa Kiingereza cha ajabu na unakuja kugundua kesho.

Kwa wewe mwenye kichanga, unaponyonyesha una mkono mmoja. Mkono mmoja unatosha voisi. Mtoto mkubwa mwache asikie, wangu wa kwanza alikua anasikiliza hadithi anauliza "halafu yule mama akaenda wapi", swali ambalo mimi nilikua sina jibu lake na ndio lililonikwamisha wiki nzima. Ila nakwambia ukweli pia, kichanga cha miezi ya mwanzo, lala. Riwaya haitakimbia. Usisikilize mtu anayekwambia andika mtoto akilala, mtoto akilala na wewe lala.

Tatizo la kuandika kwa vipande ni kusahau. Mtu anayekaa masaa matatu kila siku hadithi yote iko kichwani kwake, mimi nikirudi baada ya siku nne nimeshasahau gari lilikua la rangi gani. Kwa hiyo jina langu la humu sio la bahati mbaya, nina kaunta buku jikoni, kurasa za mwanzo zina majina ya wahusika wote, umri, wanatoka wapi, nani anajua siri gani na nani bado. Kila nikiacha naandika mstari mmoja, "kesho Rehema anagundua risiti". Na naacha sentensi katikati makusudi, siimalizi, ili nikirudi mkono uwe na pa kuanzia badala ya kukaa natazama ukurasa.

Sasa kuna ambazo hazikubali vipande. Kufungua sura mpya na kusahihisha mwanzo mpaka mwisho, hizi zinataka masaa yaliyoshikana, na hapa ndio narudi kwenye hoja yangu ya watu. Nina njia tatu na zote ni za mapatano.

Mume tulikubaliana Jumamosi mchana nyumba ni yake. Sio "ananisaidia", ni yake, mboga yake, vidonda vya magoti vyake. Na mimi sibaki chumbani, nilijaribu nikaona haifai, mlango unagongwa "mama eti baba anauliza sukari iko wapi". Natoka. Naenda kwa dada mmoja wa saluni ambaye mchana umeme ukikata anakua hana wateja, nakaa kwenye viti vyake. Wakati mwingine katikati ya wiki nikienda Kariakoo kununua zipu na vifungo nawahi, namaliza manunuzi, napanda juu mpaka Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed. Iko pale tangu 1967, kimya, meza kubwa, watu wanaisahau kabisa. Kwenye mwendokasi msijidanganye kwamba mtaandika, ukipata hata mahali pa kuweka miguu yote miwili shukuru.

Mama mkwe nilimpata kwa kumsimulia. Riwaya ina sehemu ya kijijini, nikamuuliza mama zamani posa ilikua inapelekwa vipi, akakaa akanieleza mpaka usiku, kesho yake akanirekebisha nilichoandika, sa hivi wageni wakija yeye ndio anawaambia "mkwe wangu ana kazi ya kuandika, kaeni na mimi". Hapo nilipata mlinzi wa geti bure.

Na ya tatu ni mpira. Simba na Yanga wakikutana mtaa mzima upo kwenye vibanda umiza, mume hayupo, watoto wa kiume hawapo, wateja hawapo, hata mbwa wanatulia. Dakika tisini pamoja na mapumziko na mabishano ya baadae unapata masaa matatu safi. Sura yangu niliyoipenda kuliko zote imeandikwa siku ya dabi na mpaka leo siulizi nani alishinda, naangalia tu sura ya mume akirudi.

Lindo_la_Usiku

Hapo kwenye dabi umeua. Mimi nitakua natoa ratiba ya ligi kwa waandishi wa kike, buku tu.

Mkweli Mtupu

Nimekaa kimya nasoma, nakubali mmenibadilisha nusu. Nusu iliyobaki ni hii, mwisho wa siku hela iko wapi? Mlinzi anapata buku buku. Mtu anavuruga nyumba nzima Jumamosi kwa ajili ya kitu ambacho hakina soko.

KauntaBuku

Soko la vitabu ni gumu, hapo sipingi. Ila zipo tarehe, na tarehe zinasaidia kuliko hela. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mshindi wa kwanza anapata milioni 10, na kazi zilizoshinda zinachapwa. Kuna ile ya Safal ya fasihi ya Kiafrika, iliyoanzishwa 2014, ilianza ikiitwa Mabati-Cornell, hii inachukua miswada ya Kiswahili kutoka popote, mwalimu wa Kilifi na yeye anaingia. Sisemi nitashinda. Nasema nilipobandika tarehe ya mwisho ya kupokea miswada kwenye mlango wa friji, pembeni ya ada ya shule na zamu ya kulipia maji, kitu kile kiliacha kua "mambo ya mama ya simu" kikawa kitu chenye tarehe kama vingine. Watu wa nyumbani wanaheshimu tarehe. Ndoto yako hawaijui wataiheshimu vipi?

Na kuhusu kuvuruga nyumba Jumamosi, wewe Jumamosi mchana unakua wapi mkuu?

Mkweli Mtupu

Kibanda umiza. Sawa nimekaa chini.

Mpenda Chapa

🤣🤣🤣

Binti wa Nyegezi

Nimerudi. Nimeongea na mama jana usiku. Jumapili kuanzia saa nne mpaka jioni amesema niende. Alicheka kidogo akasema kumbe na wewe. Kaunta buku zimepigwa picha zote kwa simu yake, ila sasa ameziona na ameanza kusoma, ananiuliza huyu bosi mkali wa kwenye hadithi ni nani 😅

Mwalimu wa Kilifi

Mwambie ni mtu wa Kilifi! Usitaje jina!

Lindo_la_Usiku

Bosi akishaanza kusoma ushapata msomaji wa kwanza, mtumie sehemu sehemu, aisikie arosto. Ukimkatia pale patamu Jumapili yako haiguswi.

Msomaji Njaa

KauntaBuku nimeanza voisi juzi, mtoto mkubwa anadakia kila nikirekodi lakini zinafanya kazi. Swali la mwisho. Hayo masaa yaliyoshikana mimi sina wa kunipa, mume yupo barabarani, mama mkwe yupo Bukoba, saluni sina. Upo Kimara ipi? Mimi Temboni.

KauntaBuku

We! Temboni na mimi Korogwe, si pua na mdomo. Tubadilishane basi. Jumamosi moja unaniletea wako wawili asubuhi unaenda kuandika, Jumamosi inayofuata nakuletea wangu. Kichanga njoo nae mwenyewe mara ya kwanza tuonane, uone nyumba, mtu hakabidhi mtoto kwa mtu wa mtandaoni hivi hivi. Wangu mkubwa anaongea hanyamazi na mdogo hali nyama, usihangaike nae mpe ugali na mlenda. Njoo inboksi nikupe namba. Na waandishi wengine wa njia ya Morogoro road kuanzia Ubungo mpaka Mbezi mnaotaka kuingia kwenye mzunguko semeni hapa chini, mseme na watoto ni wangapi na wa umri gani, wenye mapacha wa miaka miwili tutawapa nafasi ila tutajadiliana kwanza.